Thaler ya Augsburg ya 1641 kwa euro 90: nimeuziwa feki?

"Habari mtaalamu. Mimi ni Mzanzibari, naishi Hamburg. Juzi kwenye soko la mitumba nimenunua sarafu kubwa ya fedha kwa euro 90, muuzaji kasema ni thaler ya mji wa Augsburg ya mwaka 1641, upande mmoja kuna mfalme, upande wa pili mji mzima na makanisa yake. Kwa sonara imepima gramu 28.4. Ilikuwa nyeusi nikaisugua kwa dawa ya meno, sasa inang'aa kama imetoka kiwandani. Tatizo jirani yangu ananiambia nimepigwa: eti haijakaa duara, ina mistari ya tupa upande mmoja, na ukingoni juu ya kichwa cha mfalme kuna kidoa kama kuna kitu kililehemiwa hapo. Je ni feki? Na kama siyo, nataka nikusanye za miji yote ya Ujerumani, nianzie wapi, na kuna faida humo baadaye? La mwisho, bibi yangu Unguja ana reale ya 1780, inahusiana na hizi?"

Ndugu yangu, kwanza tulia. Vile vitu vitatu alivyokuonyesha jirani, duara bovu, mistari ya tupa na kidoa cha ukingoni, vyote vinaonekana kila siku kwenye thaler halali kabisa za karne ya 17, na kile kimoja ulichokifurahia, mng'ao, ndicho kilichokupunguzia thamani. Simaanishi kwamba sarafu yako ni halisi, hilo hakuna mtu mkweli atakayekwambia kwa maandishi bila kuishika mkononi, ila katika yote uliyoandika hakuna hata moja linaloifanya feki. Ntakueleza zilivyotengenezwa maana ukishaelewa hapo, mengi utayaamua mwenyewe bila kumsubiri jirani.

Sisi tumezaliwa na sarafu za mashine, ukipanga za shilingi mia moja juu ya mwenzake zinalingana zote, kwa hiyo jicho letu linadhani sarafu isiyo duara ni ya magendo. Mwaka 1641 mambo hayakuwa hivyo. Fedha iliyeyushwa ikachanganywa na shaba kidogo, ikamiminwa vipande virefu, ikafuliwa au ikapitishwa kwenye rola mpaka iwe bapa, halafu fundi anakata vipande vya duara na kuviweka kwenye mizani. Kilichopungua uzito kinarudi kuyeyushwa, kilichozidi anakiparura kwa tupa mpaka kikae sawa. Hiyo ndiyo mistari yako. Mafundi walikuwa wanalinda fedha ya mji, siyo sura ya sarafu, na kama kipande kilizidi hawakuwa na sababu ya kumpa mtu wa sokoni fedha ya bure.

Namna ya kupambanua ni hii: mistari ya fundi ilikuwepo kabla picha haijapigwa, kwa hiyo huwa imenyooka, imelala sambamba, na inaonekana zaidi sehemu ambazo chuma hakikukandamiza vizuri, mfano kwenye nywele za mfalme au katikati ya majengo, halafu ikifika kwenye herufi iliyotokeza vizuri inafifia au inapotea. Mkwaruzo wa baadaye unakata juu ya kila kitu, herufi na uwanja, na ukiutazama kwa lenzi utaona fedha imesukumwa pembeni ikaacha tuta dogo. Chukua lenzi ya kukuza mara kumi, kaa karibu na dirisha, geuza geuza sarafu taratibu. Kama ni ya aina ya kwanza, kwenye lebo za Ujerumani utaiona imeandikwa justiert na bei inashuka kidogo tu, na mimi binafsi mistari ya namna hiyo hainisumbui hata kidogo, napenda kuiona.

Duara nalo ni hivyo hivyo. Kipande kiliwekwa kati ya vyuma viwili vilivyochongwa picha kinyume kikapigwa nyundo, au kilipitishwa kati ya rola mbili zenye picha, ufundi ambao ulishika sana Hall kule Tirol katika karne ya 16 ukasambaa kwingine. Iliyopigwa nyundo hutoka imeegemea upande, maandishi mengine yamekatwa, ukingo una vipasuko. Iliyopita kwenye rola mara nyingi imepinda kidogo, ukiilaza mezani inayumba, na umbo linavutika kuelekea yai. Sarafu ya wakati huo iliyo duara kamilifu na ukingo laini kama imekatwa jana ndiyo ingenifanya nikunje uso.

Sasa kidoa. Hapo jirani kaona kitu cha kweli ila kakisoma vibaya. Juu ya kichwa ndipo mahali ambapo kitanzi cha kuning'inizia hulehemiwa, na Wabavaria walizitundika thaler hizi sana, wanawake kwenye mikufu ya kifuani na wanaume kwenye minyororo ya suruali za kienyeji. Baadaye mtu akakitoa kitanzi akasawazisha kwa tupa, kikabaki kidoa na ukingo uliolegea umbo. Lebo ikisema Henkelspur ndiyo hiyo, na hapa sikufichi, inaangusha bei vibaya, nusu mara nyingi na wakati mwingine zaidi ya nusu. Kama ushahidi wa uhalisi haikusaidii sana pia, maana kwa ajili ya mavazi hayo hayo watu walitengeneza nakala za mapambo nyingi tu. Kidoa kinakuambia sarafu ilivaliwa, basi, zaidi ya hapo hakisemi.

Tuje kwenye mizani maana umefanya vizuri kupima. Kanuni ya thaler ya dola lile, yaani Dola Takatifu la Kirumi, ilitengemaa mwaka 1566: kutoka kwenye uzito wa mark moja ya Köln, karibu gramu 233.86, zilitakiwa zitoke thaler nane, kila moja gramu 29.23, na ndani yake fedha safi kama gramu 25.98, yaani sehemu 889 kwa elfu. Yako ina 28.4, imepungua kama gramu 0.8. Ni pungufu kidogo lakini siyo ya kushtua kwa sarafu iliyotembea mikononi, ikavaliwa, ikalehemiwa na kusuguliwa tupa ukingoni. Ingekuwa 24 au 32 ningekwambia irudishe leo leo.

Ila uzito peke yake hausemi kitu, mfanya feki naye ana mizani. Fanya kipimo cha maji nyumbani, hakigharimu. Weka kikombe cha maji kwenye mizani ya sonara inayosoma angalau sehemu ya mia ya gramu, irudishe sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba uizamishe yote bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe, usome namba. Namba hiyo ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya 28.4 kwa namba hiyo. Fedha ya 889 yenye shaba inatoa karibu 10.3, kwa hiyo mizani inatakiwa isome kama 2.76. Ikisoma 3.2 hivi, hiyo ni shaba na nikeli iliyopakwa, habari imeishia hapo. Uzi ukishika viputo vya hewa matokeo yanaharibika, rudia mara kadhaa. Sumaku nayo jaribu kwa kuwa ni bure, ila wengi wanaipa heshima isiyostahili, shaba na bati na risasi havivutwi na sumaku vilevile.

Na hata ikitoka 10.3 sawasawa, bado hujamaliza. Feki zinazowapiga watu wenye uzoefu zimetengenezwa kwa fedha ya kweli, ama zimemiminwa kwenye ukungu uliochukuliwa kutoka sarafu halisi, ama zimepigwa kwa vyuma vipya. Za kumiminwa zina dalili: herufi zimelegea kama sabuni iliyotumika, uwanja una vishimo vidogo vya hewa, na ukingoni pengine kuna mstari unaozunguka ambako nusu mbili za ukungu zilikutana, au alama za kuusugua mstari huo. Kuna dalili nyingine ambayo ni nzuri kuliko zote kwa mtu mwenye intaneti: tafuta picha za Augsburg 1641 kwenye kumbukumbu za minada, zimo nyingi maana ni katika thaler za miji zinazopatikana zaidi, halafu linganisha. Sarafu mbili halali zinaweza kutoka kwenye chuma kimoja, kwa hiyo herufi zitalingana, lakini haiwezekani zikawa na kovu lile lile, kipigo kile kile ukingoni na mpasuko ule ule. Ukikuta pacha wa kovu, mmoja wao au wote wawili ni nakala.

Euro 90 nayo inazungumza. Thaler hii ikiwa na hali nzuri inauzwa mamia kadhaa ya euro. Ikiwa na alama ya kitanzi na imesuguliwa, 90 siyo bei ya ajabu, wala siyo zali la mentali, ni bei ambayo muuzaji anayejua anachokiuza angeweza kuitoa kwa sarafu halali yenye kilema. Ni bei ambayo muuzaji wa nakala pia angependa kuitoa, sikatai. Kwa hiyo bei haituamulii.

Nimeichelewesha dawa ya meno makusudi kwa sababu hapa ndipo ntakukwaza. Weusi uliouona haukuwa uchafu. Fedha ikikaa kwenye hewa inakutana na salfa, juu yake unajengeka utando mwembamba mno wa salfaidi, kwanza wa dhahabu, halafu kahawia, samawati, mwishowe mweusi, na utando huo ukishakaa vizuri unaifunika sarafu na kuilinda kiasi. Wakusanyaji wanaulipia pesa. Dawa ya meno ina chembe za kusaga, kazi yake kwenye jino ni kusaga, na kwenye fedha inafanya kazi ile ile: inaondoa utando pamoja na ngozi ya juu ya sarafu, inaacha mikwaruzo myembamba maelfu, na mng'ao unaouona ni wa mikwaruzo hiyo. Sarafu isiyoguswa, ukiigeuza chini ya taa, mwanga unazunguka juu yake, ya kusuguliwa inang'aa yote kwa mpigo bila uhai. Mnunuzi mzoefu anaiona akiwa mita mbili.

Kilichotoka hakirudi, lakini usiongeze kosa juu ya kosa. Usiipake dawa ya kuitia weusi, usiifukizie salfa, usiiweke na yai la kuchemsha kama wanavyofundishana mitandaoni, na ile mbinu ya foili ya alumini na magadi iache pia, inatoa weusi bila kusugua ni kweli ila inaacha uso mfu. Kama kuna dawa ya meno imebaki kwenye herufi, isuuze kwa maji yaliyokenekwa, yale ya pasi na betri, ikaushe kwa kuikandamiza na kitambaa laini cha pamba, bila kusugua. Mafuta ya vidole unaweza kuyatoa kwa asetoni safi, ya duka la rangi na siyo ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato, madirisha wazi na mbali na moto. Baada ya hapo iache kwenye fremu ya karatasi yenye filamu isiyo ya PVC. Plastiki laini zile zinazonuka huwa zinatoa asidi polepole na kuacha ute wa kijani juu ya sarafu, nimeona makusanyo mazima yameharibika hivyo kabatini bila mtu kuyagusa. Miaka ikipita itaanza kupata rangi tena yenyewe, haitakuwa ile ya zamani ila itapoa macho.

Lakini hebu tuitazame hiyo sarafu yenyewe, maana naona wote mmejadili kidoa na hakuna aliyeuliza inasema nini. Huyo si mfalme tu, ni kaizari Ferdinand III, maandishi yanayomzunguka yana jina lake yamefupishwa. Upande wa pili AVGVSTA VINDELICORVM, jina la Kirumi la Augsburg, na V imesimama mahali pa U kama kawaida ya Kilatini cha kwenye sarafu. Tafuta tunda la msonobari, lile la magamba, ndiyo nembo ya mji, bila hilo ningeanza kushuku. Augsburg ulikuwa mji huru wa dola, haukuwa na mtawala mkubwa mwingine juu yake ila kaizari, ndiyo maana kaizari anakaa upande mmoja na mji unajichora wenyewe upande wa pili kwa majivuno. Na majivuno hayo mwaka 1641 yalikuwa na uchungu: Gustav II Adolf wa Sweden aliuteka mwaka 1632, mji ukapiga na thaler zenye sura yake, halafu majeshi ya kaizari yakauzingira mpaka njaa ikaufungua mwaka 1635, watu wakabaki kama elfu kumi na sita tu katika mji uliokuwa na zaidi ya mara mbili ya hao. Miaka sita baadaye vita hivyo, Vita vya Miaka Thelathini, bado havijaisha na baraza la mji linatoa sarafu yenye mji mzima, minara imesimama, kuta zimesimama. Mimi hapo ndipo ninaponunua sarafu, siyo kwenye gramu.

Kukusanya miji yote? Nakushauri hapana, na siyo kukukatisha tamaa. Orodha ya dola ya mwaka 1521 ilikuwa na miji huru na ya kaizari 85, wengine hawakupiga sarafu kabisa, wengine walipiga miaka michache, na juu ya hao kuna miji kama Braunschweig, Magdeburg, Rostock, Emden ambayo haikuwa kwenye daraja hilo kamili lakini ilikuwa na karakana zake za sarafu. Mwaka 1803 miji huru ilipofagiliwa, yaani kunyang'anywa uhuru wake, ikabaki sita: Hamburg, Lübeck, Bremen, Frankfurt, Nürnberg, Augsburg. Ukitaka zote utatumia miaka kununua vipande vibovu vya sehemu usizozijua. Chagua mji mmoja au kanda moja uifahamu mpaka undani wa chapa zake, na kwa kuwa uko Hamburg jibu liko chini ya miguu yako. Hamburg yenyewe ina ngome yenye minara mitatu, Lübeck tai wa vichwa viwili, Bremen ufunguo, Lüneburg mwezi wenye uso wa mtu kwenye zile thaler zake za miaka ya 1540. Zote unaweza kuzifikia kwa treni ukaenda kutazama majengo yaliyozitoa. Huko kaskazini walihesabu kwa schilling na mark, Bremen kwa groten, wakati kusini Augsburg na Nürnberg walihesabu kwa kreuzer na gulden, kwa hiyo ukichanganya mapema utachanganyikiwa mwenyewe.

Na usianze na thaler. Anza na schilling ndogo za Hamburg na Lübeck, unaweza kununua kadhaa kwa bei ya ile uliyonunua, ukikosea unakosea kwa bei ya chakula cha mchana na jicho linajifunza. Ukitaka kitu kikubwa kidogo, 28 stüber za Emden za enzi ya Ferdinand II na III ni mlango mzuri sana, ni pana, kwenye kifua cha tai kuna namba 28, na upande wa pili nembo ya mji yenye kiumbe cha kike chenye mabawa juu ya ukuta. Zipo nyingi, nyingi zimepigwa vibaya, na hilo ndilo linalozifanya shule.

Ukiishika sarafu usiyoijua soma maneno kwanza. CIVITATIS au REIPVBLICAE maana yake ni mji umeitoa, ukiona EPISCOPVS au ARCHIEP ni askofu, DVX ni mtawala wa kabaila, na muuzaji wa mitumba atakuambia zote ni za mji kwa kuwa kaona jina la mji. MO NO ARG ni sarafu mpya ya fedha, kifupisho tu. Mwaka mara nyingi umefupishwa kuwa namba mbili na 2 inaandikwa kama Z, kwa hiyo Z4 kwenye tarehe ni 1624, lakini Z4 kwenye ule mpira wa kifalme kifuani mwa tai ni thamani, siyo mwaka, hapo wanaanguka wengi. Herufi ndogo au alama mwishoni mwa maandishi ni ya msimamizi wa karakana, na hiyo ndiyo inayokusaidia kuikuta kwenye katalogi. Kwenye lebo ukiona Dav. na namba, ni orodha ya Davenport, Mmarekani aliyepanga thaler za Ulaya, na KM ni namba ya katalogi za Krause. Ss ni hali nzuri ya wastani, vz ni nzuri sana, na muuzaji wa mitumba hana aibu ya kuiita ss sarafu ambayo sura imeshafutika.

Miaka ya 1621 mpaka 1623 nenda nayo kwa uangalifu, ni kipindi cha Kipper und Wipper ambapo watawala na miji walijazia shaba wakaita fedha mpaka bei za vitu zikapaa na watu wakagoma. Sarafu za hapo zinavutia kihistoria lakini ukizipima maji zitakupa majibu ya ajabu na bado ni halisi. Na kuna vitu ambavyo mwanzoni usiviguse kabisa, mfano thaler za 1534 za Waanabaptisti, madhehebu yaliyoushika mji wa Münster, zilinakiliwa na kupigwa upya vizazi na vizazi kwa sababu kila mtu aliitaka hadithi yake. Mtu akitaka kukuuzia hiyo sokoni, kimbia. Kama unapenda sarafu yenye hadithi nzito, ile ya Frankfurt ya 1796 ni bora, ilipigwa kutokana na vyombo vya fedha vya makanisa na raia ili kuwalipa Wafaransa, na maandishi yake yenyewe yanasema hivyo.

Faida? Ukiuza kesho uliyonunua leo utapata hasara, hilo ni karibu uhakika. Minada mingi ya Ujerumani inamtoza mnunuzi asilimia 20 au zaidi juu ya bei ya nyundo, muuzaji naye anakatwa, kwa hiyo bei inapaswa ipande sana ndipo urudi ulipoanzia. Sarafu bora kabisa za miji mikubwa zimeshikilia thamani, zile zenye kitanzi na zilizosuguliwa zinabaki palepale miaka nenda rudi. Nunua kwa pesa ambayo hutaikumbuka ikipotea.

Reale ya bibi. Inahusiana na tena karibu sana, ila na karne iliyofuata. Hiyo ni thaler ya Maria Theresa, mtawala wa Austria wa ukoo wa Habsburg, na herufi S.F. chini ya picha yake ni za wakuu wa karakana ya Günzburg, mji mdogo kusini mwa Ujerumani, magharibi ya Augsburg, uliokuwa wakati huo chini ya Wahabsburg. Ina gramu 28.07 za uzito na 833 kwa elfu ya fedha, kanuni ile ile iliyofuatwa na Nürnberg, Regensburg na Frankfurt kwenye thaler zao zenye mandhari ya mji, ambazo zimeandikwa X EINE FEINE MARK, yaani kumi zinatoka kwenye mark moja ya fedha safi. Ukiziweka mezani pamoja ni ndugu. Lakini Maria Theresa alifariki 1780 na tarehe ikagandishwa hapo kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Ethiopia, Maskati na pwani yetu hawakutaka sura nyingine, ikaendelea kupigwa Vienna, na karne ya 20 Roma, London, Paris, Brussels na Bombay nao wakapiga. Kwa hiyo usimwambie bibi kuwa ana sarafu ya karne ya 18 mpaka mtu atazame broshi ya begani na manyoya ya mkia wa tai, zinapangwa kwa hizo. Uwezekano mkubwa ni ya baadaye, yenye thamani ya fedha yake na kidogo juu. Mwambie asiipeleke kwa sonara kung'arishwa, na kama imetobolewa au ina kitanzi aache kilivyo, hicho ndicho kinachoonyesha ilivaliwa Unguja.

Mwisho, kuna mahali ambapo maneno yangu hayatoshi na inabidi uende kwa miguu. Nenda kwa muuzaji wa sarafu mwenye duka, siyo meza, aliye mwanachama wa Verband der Deutschen Münzenhändler, chama cha wauzaji sarafu wa Ujerumani, umwombe maoni tu bila kuuza, wengi watakuangalizia kwa dakika tano. Makumbusho ya historia ya Hamburg nayo yana hazina ya sarafu za mji, wataalamu wa makumbusho kwa kawaida hukutambulishia kitu lakini hawakupi bei. Chama cha wakusanyaji cha mjini ni bora kuliko vyote maana wazee wa pale wameshashika mamia ya hizi na watakuonyesha halisi na feki bega kwa bega. Beba sarafu ikiwa kwenye fremu, matokeo ya kipimo cha maji uliyoyaandika, na picha za zile ulizolinganisha mnadani. Ikithibitika ni nakala, rudi kwa muuzaji mapema ukiwa na maoni hayo kwa maandishi, na kama alikupa risiti yenye maneno "thaler ya Augsburg" itafute sasa hivi kabla hujaitupa.